Kegonga na Njia za Majeshi: Mwongozo wa Msafiri

Kegonga ni mji mdogo wa Wanyabasi, mojawapo ya koo kuu za Wakuria, uliopo Kuria Mashariki katika kaunti ya Migori, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Tanzania. Msafiri ajaye huku kutafuta athari za vita asitaraji ngome iliyobomoka wala makaburi yenye lango la chuma, kwa maana majeshi yaliyopita pande hizi yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wenye mabega ya kubebea mizigo, na hasara ya namna hiyo, ijapokuwa ilifilisi nyumba nyingi, haikujengewa mnara. Atakayeijua ni yule mwenye subira ya kuketi na wazee, na mwongozo huu umekusudiwa kumfikisha hapo, kisha kumwelekeza mahali pengine pa kutazama.

Mwendo wenyewe

Wasomaji wa tarikhi ya Marekani humjua Jenerali Sherman, ambaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikielekea ukingoni aliondoka Atlanta tarehe 15 Novemba 1864 pamoja na askari wapatao 60,000, akafika Savannah mnamo Desemba, na njia nzima akang'oa reli, akachoma maghala na kulilisha jeshi lake kwa mazao ya adui, ili raia wa upande ule waichoke vita kabla ya askari wao. Kusini ya Kegonga ulipita mwendo wa tabia hiyo hiyo, ingawa jeshi lake lilikuwa dogo mno likilinganishwa na lile. Mwezi wa Februari 1917, wakati Wadachi, yaani Wajerumani, walipokuwa wamekwisha kusukumwa hadi kusini ya koloni lao, Kapteni Max Wintgens alijitenga na wenzake na kuelekea kaskazini na kikosi chake, akiingia katika nchi iliyokwisha kutekwa na Waingereza na Wabelgiji. Mwezi wa Mei, alipozidiwa na homa, alijisalimisha kwa Wabelgiji, na uongozi ukashikwa na Heinrich Naumann, ambaye alivuka reli ya kati, akapita karibu na Ziwa Victoria, akapigana na Wabelgiji pale Ikoma mwishoni mwa Juni, akapotelea mashariki, asikamatwe hadi Oktoba. Kikosi kile hakikuwa na ghala wala njia ya kuletewa masurufu. Kila siku iliyopita kililiwa chakula cha kijiji fulani, na waliokuwa wakikifukuza nao walihitaji kula.

Vita hivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia vya 1914 hadi 1918, havikuwa vya Wakuria. Lakini mapatano ya Uingereza na Udachi ya mwaka 1886 yalikuwa yamepiga mstari kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Victoria, na mstari huo ukapita katikati ya koo za Kikuria, hata watu wenye babu mmoja, wanaooana na kugawana mahari, wakajikuta chini ya bendera mbili zenye uadui, kila moja ikidai wapagazi na nafaka. Kwa hiyo mgeni akisikia huku vita ile ikielezwa kwa maneno ya ugomvi wa nyumba moja, asidhani msimulizi amekosea.

Kufika na kukaa

Njia nyepesi ni kushika barabara kuu ya Kisii na Migori iendayo Isebania, kisha kugeuka mashariki hadi Kehancha, na kutoka hapo kuendelea hadi Kegonga kwa matatu au kwa teksi za Probox, ambazo haziondoki mpaka zijae, na zikijaa huongeza mtu mmoja. Bodaboda zipo kwa safari fupi za vijijini. Patana nauli kabla ya kupanda. Masika, yaani Machi hadi Mei, udongo wa njia za ndani huteleza vibaya. Januari, Februari, Juni na Julai ni miezi yenye nafuu. Nyumba za kulala wageni za Kegonga ni za kawaida, na apendaye starehe zaidi alale Migori, akijua kwamba atapoteza saa nzuri za asubuhi njiani. Chukua fedha taslimu kidogo, kwani M-Pesa hupokelewa karibu kila duka, bali bibi auzaye wimbi chini ya mti huenda asiwe na simu mkononi.

Siku ya soko usiikose. Tazama mifugo inavyopimwa kwa macho na wanunuzi wasemao machache, onja obosara, uji mchachu wa wimbi, na ukibahatika kumpata mpigaji, omba kuonyeshwa iritungu: zeze kubwa la nyuzi nane, ambalo mwili wake ni bakuli zito la mti lililowambwa ngozi, na ambalo mpigaji huliinamia kwa kifua kizima ili kulitoa sauti nzito. Wachezaji wake huvaa ibirandi, viatu vya mti virefu vinavyowazidishia kimo, na kishindo chake juu ya udongo mkavu hufika mbali.

Adabu za kuuliza

Usiende kwa wazee peke yako. Tafuta mwenyeji anayefahamika, mpitie chifu au naibu wake ueleze shabaha ya safari, na ukifika uani msalimu mzee kwa heshima, umwite tata, uketi unapoonyeshwa. Usianze kwa kuuliza habari za askari, maana jibu litakuwa fupi. Uliza ng'ombe wa babu yake walikuwa wangapi na walipungua lini. Hapo ndipo utakaposikia habari za waliochukuliwa kwenda Kariakoo, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, ambamo, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikufa watu zaidi ya 40,000, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko risasi.

Yapo mambo mawili ya kujihadhari nayo. La kwanza, baina ya Wanyabasi na majirani zao Wabwirege wa Ntimaru imewahi kuzuka mara kadhaa fitna ya wizi wa mifugo, na damu imemwagika. Basi mgeni asichukue maneno ya Ntimaru kuyaleta Kegonga, wala asiulize sokoni nani alimwibia nani. La pili, msimu wa jando mwezi wa Desemba hujaza barabara kwa nyimbo na misafara; pisha njia, na usipige picha ila kwa idhini ya wenye sherehe.

Safari za karibu

*Kisii.* Mji huu uliona mambo mawili ya kukumbukwa. Mwaka 1908, baada ya kijana Otenyo kumchoma mkuki ofisa Northcote, ambaye alipona, serikali ilituma askari wakachoma vijiji vya Wagusii, wakaua watu wengi na kuteka maelfu ya mifugo, hata Winston Churchill, aliyekuwa wakati ule naibu katika Wizara ya Makoloni, akalalamikia ukubwa wa mauaji. Kisha Septemba 1914 kikosi cha Wadachi kilivuka mpaka kikaukalia mji. Tarehe 12 askari wa Waingereza wa King's African Rifles wakakishambulia, kapteni wao Thorne akauawa, na Wadachi, walioumia vilevile, wakarudi kwao. Katika siku zile chache zisizo na serikali raia walipora ofisi na misheni za Nyabururu na Nyanchwa, na Waingereza waliporejea, adhabu ililipwa kwa ng'ombe. Ukifika mjini, uliza njia ya Nyabururu na Nyanchwa. Sehemu zote mbili zingalipo.

*Karungu.* Ghuba hii ya Ziwa, magharibi ya Migori, ilishuhudia siku chache baada ya vita vya Kisii meli ya Waingereza *Winifred* ikirudishwa nyuma na meli ndogo ya Wadachi *Muansa*, kisha ikarejea pamoja na *Kavirondo*, na mpinzani wake akaondoka. Leo ni ufuko wa wavuvi. Fika asubuhi, wakati samaki wanaposhushwa.

*Thimlich Ohinga.* Hapa, kaskazini magharibi ya mji wa Migori, ndipo patakapomfaa yule ambaye bado anataka kuona mawe. Ni maboma ya kale ya mawe yaliyopangwa bila chokaa, kuta zake zikipanda mahali pengine mita 4 hivi, yenye milango myembamba ya kuinamia. Tangu 2018 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Pita katika mlango mmoja taratibu, ukiwa umeinama, utambue kwamba aliyejenga alikuwa akifikiria mifugo yake na aliyekuja kuitwaa.

*Ikoma.* Atakaye kuufuata mwendo wa Naumann avukie Isebania na Sirari, kwenye kituo cha pamoja cha mpaka, akiwa na pasipoti au hati nyingine inayokubalika. Asijaribu njia za panya zipitazo mashambani, hata akiambiwa kwamba kila mtu huzitumia, kwani mwenyeji na mgeni hawaulizwi maswali sawa. Kutoka Tarime njia huenda Nyamongo, kisha Mugumu, na magofu ya ngome ya Wadachi yako mbele yake, pembezoni mwa Serengeti. Ni safari ya siku nzima, na gari lenye magurudumu imara ni sharti. Kabla ya kuondoka Mugumu jaza mafuta, nunua maji na chakula cha kutosha watu wako na mmoja zaidi, ili usiwe mgeni mwingine anayewapitia wanakijiji kwa kula akiba yao.