Somo la Jiografia: Kutoka Kasese Hadi Bwera kwa Gari-Nyumba

Mhariri ameniomba niwaandikie wanafunzi somo la jiografia lisilohitaji kukaririwa. Nimechagua njia itokayo Kasese hadi Bwera, magharibi ya Uganda. Kwa asiyesimama ni safari ya saa moja na kitu. Sisi tulitumia siku nne, watu watatu, wote wanafunzi wa zamani wa shule hii, katika gari-nyumba. Asiyelijua gari la namna hiyo na afikirie lori dogo ambalo nyuma yake pametiwa vitanda, jiko la gesi na pipa la maji. Ukichoka, umefika nyumbani.

Lakini gari haliingii mlimani. Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991, hutembewa kwa miguu tu, na njia zake huanzia Nyakalengija na Kilembe. Basi tuliliacha gari chini, tukapanda nusu siku pamoja na kiongozi wetu Mkonzo. Yeye ndiye aliyetuonyesha kinyonga mwenye pembe tatu, ambaye sisi tulikuwa tumempita kama jani. Kileleni hatukwenda. Kilele cha Margherita kina meta 5,109, nacho ni cha tatu kwa urefu katika Afrika, baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya.

Hapa wanafunzi wengi hukosea katika mtihani. Kilimanjaro na Mlima Kenya ni milima ya volkano, Rwenzori siyo. Ni pande kubwa la mwamba wa kale lililosukumwa juu kati ya nyufa za ardhi, wakati Bonde la Ufa la magharibi lilipokuwa likishuka. Ndiyo maana ukisimama Kasese unaona mlima umeinuka ghafula kama ukuta, kisha kusini ni tambarare yenye joto. Wakonzo huita theluji ya huko juu nzururu. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipofika kileleni, barafu ya kudumu ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Sasa haifiki hata moja.

Mji wa Kasese wenyewe ulikuzwa na shaba. Reli kutoka Kampala ilifika mwaka 1956 ili kuchukua shaba ya Kilembe, na mgodi ukafungwa mwaka 1982.

Kutoka Kasese tulishika barabara ya kusini mpaka Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, tukaingia Hifadhi ya Queen Elizabeth. Ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikabadilishwa jina mwaka 1954 baada ya Malkia kuitembelea. Ina kilomita za mraba 1,978. Mgeni anayetafuta twiga au punda milia atazunguka bure, kwa maana hawamo. Wamo tembo, nyati, ngiri, na kobu, yule swala aliye katika nembo ya taifa.

Tulilala Mweya, juu ya mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. (Huitwa mfereji, lakini haukuchimbwa na mtu.) Usiku nilisikia mtu akikata majani nje ya dirisha kwa panga butu. Nikachungulia: kiboko, hatua mbili kutoka kitandani pangu! Ngozi ya kiboko hukauka upesi juani, kwa hiyo mchana hujificha majini, na usiku hutoka kula, hata kilo 40 za majani kwa usiku mmoja. Mwenzetu aliyetaka kwenda chooni ilimpasa kuvumilia mpaka alfajiri. Asubuhi walikuja nguchiro kundi zima, wakipekua chini ya magurudumu. Wanyama hawa wamechunguzwa na wataalamu Mweya kwa miaka mingi, nao wana ajabu yao: majike wa kundi moja mara nyingi huzaa usiku mmoja, na watoto hulelewa na kundi zima.

Simba hatukumwona. Habari zao hapa ni za kusikitisha. Aprili 2018 simba 11, wanane kati yao wakiwa watoto, walikufa kwa sumu karibu na Hamukungu, kijiji cha wavuvi na wafugaji kilicho ndani ya hifadhi. Yupo pia Jacob, aliyepoteza mguu mmoja kwa mtego. Februari 2024 alipigwa picha usiku akiogelea mfereji wa Kazinga pamoja na ndugu yake, zaidi ya kilomita moja, majini mwenye viboko na mamba. Wataalamu wanafikiri walikuwa wakitafuta majike.

Tulirudi Kikorongo, tukaelekea Bwera. Upande mmoja wa barabara ni mashamba ya pamba na mahindi, upande mwingine ni hifadhi, na tembo hasomi ramani. Jioni tulimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akikusanya kuni za kuwasha moto wa kulinda shamba. Alitujibu kwa Kiswahili safi, kwa kuwa Bwera ni jirani ya Kongo na soko lake limewazoeza watu lugha hii. Akalitazama gari letu sana.

“Wanangu,” akasema, “tembo wakija, nyumba yenu itaondoka. Yangu haina magurudumu.”

Nilimtajia sheria ya wanyama ya mwaka 2019, inayoruhusu fidia, na ile asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi inayorudishwa kwa majirani zake. Alizijua zote mbili. Alichotaka kujua ni nani atakayekesha shambani usiku huo, kwani mjukuu wake alikuwa na mtihani kesho yake. Mwenzetu mmoja alikesha naye mpaka alfajiri, akipiga debe. Tembo hawakuja.

Kwa wanafunzi wa kidato cha pili: chukueni ramani ya Uganda, mchore mstari kutoka Margherita hadi Ziwa Edward. Andikeni mtakayoyapita kwa utaratibu wake, toka barafu, msitu, mashamba hadi mbuga, kisha mweke alama ya X mahali ambapo ninyi mngejenga nyumba, na sababu zenu.