SOMO LA AFYA: Dawa Baada ya Kuwekewa Stenti ya Moyo



Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, huzibua mishipa ya moyo kwa kuweka stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma. Mgonjwa anayerudi Bugwema na stenti hujisikia mzima. Vidonge vikiisha na nauli haipo, huona hakuna haja ya kuendelea. Hapo ndipo penye hatari.

1. Kwa nini dawa mbili? Damu inaweza kuganda ghafla ndani ya stenti mpya na kuleta shambulio la moyo. Ili kuzuia hilo, mgonjwa hupewa aspirini pamoja na klopidogreli. Kwa kawaida huzitumia miezi 6, au 12 kama alikuwa amepata shambulio la moyo. Baadaye huendelea na moja.

2. Hatari ya upande wa pili. Dawa hizo hizo hufanya damu ivuje kwa urahisi, hasa tumboni. Walio hatarini zaidi ni wazee, wenye vidonda vya tumbo, upungufu wa damu au ugonjwa wa figo, na wanaotumia pia warfarini. Kwa hao daktari anaweza kufupisha muda, hata kufikia mwezi 1 hadi 3, au kuongeza dawa ya kulinda tumbo. Huo ni uamuzi wa daktari, si wa mgonjwa wala jirani.

3. Nyumbani. Mgonjwa asijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo au viungo. Kabla ya kung'oa jino, aeleze dawa anazotumia. Fizi zikitoa damu kidogo, asiache dawa; aulize kwanza. Lakini choo cheusi kama lami, kutapika damu, maumivu ya kifua au ya kichwa makali ya ghafla, ni hospitali mara moja.

4. Kazi ya kamati. Kwa ridhaa ya mgonjwa, mteueni mzee wa kanisa amtembelee na kuhesabu vidonge. Vikibaki vya wiki mbili, nauli ya Musoma au Mwanza iandaliwe.

Msamaria wa Luka 10 hakuishia kufunga majeraha. Aligharimia na siku zilizofuata. Nasi tugharimie miezi iliyobaki.