Magari ya kale ya michezo: Mnunuzi hulipia namba kabla ya rangi

MNUNUZI wa gari la kawaida huuliza mambo matatu: limetembea kilomita ngapi, injini ikoje, na bei ya mwisho ni ipi. Katika soko la magari ya kale ya michezo maswali hayo huja baadaye. La kwanza ni kama gari lililosimama mbele yake ndilo linaloelezwa katika karatasi. Jibu la swali hilo pekee huweza kuifanya bei iwe mara tatu, mara nne au zaidi, hata pale ambapo magari mawili yanayolinganishwa yana rangi moja, rimu za aina moja na mngurumo ambao sikio haliwezi kuutofautisha.

Mfano unaofaa kujifunzia ni Porsche 911 Carrera RS 2.7. Gari hili lilionyeshwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Paris, Oktoba 1972. Kanuni za mashindano zilitaka yatengenezwe angalau 500 ndipo aina hiyo iruhusiwe kushindana, na idara ya mauzo ya kiwanda ilikuwa na shaka kama wateja 500 wangepatikana. Walipatikana upesi, na wengine wakaendelea kuja. Hadi utengenezaji unakoma yalikuwa yametoka magari 1,580. Kati ya hayo 1,308 yalikuwa ya aina ya Touring, yenye viti na mapambo ya kawaida ndani, na 200 yalikuwa mepesi, yaliyopunguzwa kila kitu kisicho cha lazima. Yaliyobaki yalikuwa 55 ya mashindano na 17 yaliyotumika kupata kibali cha uzito.

Hesabu hiyo ndiyo chimbuko la thamani, na ndiyo chimbuko la udanganyifu pia. RS ilijengwa juu ya bodi ya 911 ya kawaida, ambayo ilitoka kiwandani kwa maelfu. Kile kipande cha nyuma kinachojulikana kama mkia wa bata hufungwa juu ya mfuniko wa injini, na fundi yeyote hodari wa bodi anaweza kukifunga kwa siku moja. Matao mapana ya magurudumu ya nyuma huchomelewa. Maandishi ya Carrera ubavuni ni stika. Kwa hiyo 911T ya mwaka 1973, ambayo ni gari zuri lakini la bei ya chini sana, huweza kuingia gereji asubuhi ya Januari na kutoka Juni ikiwa na sura ya RS. Aliyeibadilisha kwa kujifurahisha na kusema wazi hana kosa. Shida huanza gari likishapita mikono mitatu na neno “mfano wa” likaanguka njiani.

Namba zinavyosomwa

Namba ya chesisi ya RS huanza na 911360. Tarakimu 911 ni aina ya gari, 3 ni mwaka wa modeli yaani 1973, 6 ni alama ya Carrera RS, na 0 ni bodi iliyofungwa juu. Zinazofuata nne ni za mfululizo. Gari la mwaka huohuo ambalo tarakimu yake ya tano si 6 halikuzaliwa likiwa RS, hata muuzaji akiapa. Injini nayo ina namba inayoanza na 663, na aina yake ni 911/83 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,687 na nguvu farasi 210. Giaboksi ni ya aina 915.

Mwenye nia mbaya anayajua yote hayo, naye atagonga upya. Ndiyo maana mkaguzi hatosheki kwa kusoma namba. Huangalia jinsi ilivyogongwa. Namba ya chesisi iko ndani ya buti la mbele, karibu na tangi la mafuta, imegongwa katika bati lenyewe. Maumbo ya tarakimu, nafasi kati yake, kina cha mgongo na mstari wake hulinganishwa na picha za magari ambayo historia yao haina shaka. Bati linalozunguka namba huchunguzwa kama lina alama za tupa au mshono wa kuchomelea, kwa kuwa mtindo mmoja wa kale ni kukata kipande chenye namba kutoka gari lililokufa na kukipachika katika bodi nyingine. Wakaguzi wa Ulaya wana vifaa vinavyosoma chuma chini ya rangi na kuonyesha kama palikwanguliwa.

Kuna namba nyingine ambayo mgushi huisahau. Kiwanda kilipokuwa kikiunganisha bodi kiliipa namba ya uzalishaji, tofauti na ya chesisi, na kuigonga katika sehemu zilizojificha, kwa mfano chini ya pambo la dashibodi. Kumbukumbu za kiwanda huonyesha namba ya uzalishaji ipi inakwenda na chesisi ipi. Zikigongana, mazungumzo ya bei yamekwisha. Aidha, kitabu cha Gruber na Konradsheim kilichotoka mwaka 1992 kilikusanya orodha ya magari haya, na madalali wakubwa hulitazama gari kwa kulinganisha na orodha hiyo kabla ya kulipokea mnadani.

Kuna ujanja mwingine mdogo zaidi ambao huwanasa hata wazoefu. Gari ni RS ya kweli, namba zote ni safi, lakini lilitoka kiwandani likiwa Touring. Mwenyewe ameondoa viti vya nyuma, saa, na mfuniko wa kisanduku cha dashibodi, akaweka kamba za kuvutia milango, na sasa analiuza kama gari jepesi. Tofauti ya uzito kiwandani ilikuwa kilo 960 kwa 1,075. Tofauti ya bei leo ni kubwa kuliko hizo kilo, kwa kuwa mepesi yamekwisha kuuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Hapa mizani haisaidii. Kinachosaidia ni msimbo wa oda katika kumbukumbu za kiwanda: M471 kwa gari jepesi, M472 kwa Touring.

Kanuni hii haihusu Porsche peke yake. Jaguar E-Type, iliyoanza kuuzwa mwaka 1961, hununuliwa kwa kulinganisha namba nne, yaani ya chesisi, ya injini, ya giaboksi na ya bodi, na cheti kinachotolewa kutokana na kumbukumbu za kiwanda. Datsun 240Z iliyouzwa nje ikiwa na usukani wa kulia ina namba inayoanza na HS30, na ya usukani wa kushoto HLS30. Ile ya nadra yenye injini ya Skyline GT-R, iitwayo Z432, huanza na PS30. Herufi moja mbele, na bei inabadilika kabisa.

Halisi, asilia, na kilicho katikati

Maneno mawili huchanganywa sana katika matangazo, nayo yana gharama. Gari asilia ni lile ambalo sehemu zake ndizo zilizotoka nazo kiwandani. Gari halisi ni lile ambalo utambulisho wake haujakatika, hata kama sehemu nyingi zimebadilishwa.

Tofauti hiyo ilifikishwa Mahakama Kuu ya London mwaka 1990. Gari lenyewe lilikuwa Bentley Speed Six iitwayo Old Number One, iliyoshinda saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Mwaka 1932 ilipata ajali mbaya katika uwanja wa Brooklands, dereva akafa, na baadaye ikajengwa upya kwa bodi nyingine. Kampuni moja ilikubali kuinunua kwa thamani ya takriban pauni milioni 10, kisha ikakataa kulipa ikidai kuwa hilo silo gari lililoshinda Le Mans. Jaji Otton alikuta kwamba vitu vilivyobaki kutoka mwaka 1929 vilikuwa vichache mno, hivyo gari halikuweza kuitwa asilia. Lakini mabadiliko yalikuwa yamefanyika kidogokidogo, historia yake haikuwa na pengo, na hapakuwa na gari jingine duniani lenye haki ya kudai jina hilo. Akaamua kuwa ni Old Number One halisi, na mnunuzi akabanwa na mkataba wake.

Wanunuzi wengi huisoma hukumu hiyo kama faraja kwa wauzaji. Ingefaa isomwe kama onyo kwa wanunuzi. Mtu aliyetaka gari asilia akasaini mkataba unaosema gari fulani kwa jina, atakabidhiwa hilo gari kwa jina, pamoja na vyuma vyake vipya.

Jambo hilo ni la karibu zaidi kwa anayetafuta gari lenye historia ya Safari Rally. Datsun 240Z ilishinda mashindano hayo mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na mwaka 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Porsche Carrera RS ya Björn Waldegård ilishika nafasi ya pili mwaka 1974, nyuma ya Mitsubishi Colt Lancer ya Joginder Singh. Gari lililopita barabara hizo za matope na mashimo mara nyingi lilibadilishiwa milango, boneti, giaboksi, na pengine bodi nzima. Kumwambia muuzaji gari lake ni bandia kwa sababu mlango si wake wa kwanza ni kutoielewa kazi ambayo gari lilifanya. Kinachotakiwa ni mnyororo: orodha ya walioingia mashindano, picha za siku ile zinazoonyesha namba ya usajili, kadi ya gari au logbuku inayotaja kila mwenye mali, na risiti za gereji. Pengo la miaka miwili linaelezeka. La miaka 15, likiishia kwa gari kuibuka lina rangi mpya na beji zote, linahitaji maelezo mazuri sana.

Tangu mwaka 2003, yalipoanza mashindano ya East African Safari Classic, Porsche 911 nyingi zimeandaliwa kwa ajili yake: zimeinuliwa, zikawekewa bamba za kulinda tumbo na taa kubwa mbele. Waldegård alishinda na gari la namna hiyo mwaka 2011, na Stig Blomqvist mwaka 2015. Nyingi ni 911 za kawaida zilizojengwa kwa kazi. Ni magari ya thamani kwa haki yake, lakini si magari ya kiwanda ya miaka ya 1970, na tangazo linalosema tu “Porsche ya Safari” halijasema kitu.

Kutu, puti na hesabu

Utambulisho ukishathibitika, ndipo hali ya gari inaingia katika hesabu. Bodi huja kabla ya injini, kwa sababu injini ya kale hufunguliwa ikatengenezwa kwa gharama inayokadirika, lakini kutu haina makadirio mpaka bati likatwe. Katika E-Type huanza kwenye vizingiti vya milango na sakafu. Katika 240Z hupenda sakafu na reli zilizo chini ya gari. Sumaku iliyofungwa kitambaa laini, ikipitishwa taratibu, itaonyesha mahali ambapo puti imechukua nafasi ya chuma. Gari lililokaa pwani, iwe Mombasa au California, likaguliwe juu ya lifti, si sakafuni.

Hesabu yenyewe hufanywa kinyume na wengi wanavyodhani. Chukulia, kwa mfano tu, gari linalohitaji ukarabati linalouzwa dola 90,000, na gari kama hilo lililokamilika linalopatikana kwa 160,000. Mnunuzi huona faida ya 70,000. Fundi akimaliza bodi, rangi, kromu, ngozi ya viti na spea adimu, bili imefika 110,000 na miaka miwili imepita. Ndiyo sababu gari zuri la bei ya juu huwa rahisi kuliko bovu la bei ya chini, isipokuwa kwa mwenye gereji yake mwenyewe. Aidha gari lenye rangi yake ya kwanza, iliyochujuka kidogo, siku hizi huweza kupita bei ya lililopakwa upya likang’aa, kwa kuwa rangi ya kwanza haiwezi kununuliwa tena.

Katika kulinganisha bei, bei inayotajwa kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji. Matokeo ya mnada ni ushahidi, ila yasomwe kwa uangalifu: takwimu zinazochapishwa mara nyingi huwa na kamisheni ya mnunuzi ndani yake, wakati makadirio ya katalogi hayana. Gari lililoondolewa bila kufikia bei ya chini nalo ni taarifa, pengine bora kuliko yaliyouzwa. Rekodi nazo ni mwongozo mbaya. Ferrari 250 GTO iliyouzwa kwa zaidi ya dola milioni 48 huko California mwaka 2018 haisemi lolote kuhusu Ferrari nyingine zilizotengenezwa kwa maelfu.

Mkaguzi alipwe na mnunuzi, na asiwe rafiki wa muuzaji wala wa dalali. Ukaguzi ufanyike kabla ya kutoa arubuni. Mkataba utaje namba ya chesisi, ya injini na ya giaboksi, useme kwa maandishi kama gari linauzwa likiwa asilia, halisi au mfano, na uweke muda ambao fedha zitarudishwa iwapo kumbukumbu za kiwanda zitapingana na maelezo hayo. Mnadani nafasi hiyo kwa kawaida haipo: masharti ya nyuma ya katalogi huliuza gari kama lilivyo. Hivyo kazi yote, ya sumaku na ya namba, inatakiwa iwe imekwisha siku za maonyesho, kabla dalali hajainua nyundo.