Umetua Dar? Amua Ukiwa Bado Ndani ya Jengo

Wadogo zangu, leo nalijibu swali ambalo mnaniuliza kwa namna nyingi: "Dada, nikishuka kwenye ndege Dar, nafikaje mjini bila kulanguliwa wala kupotea?" Anauliza binti wa Mwanza anayekuja kufuata mzigo wa nguo Kariakoo kwa mara ya kwanza. Anauliza anayerudi kutoka Muscat baada ya kazi za ndani, masanduku matatu na hana mtu wa kumpokea. Anauliza anayemleta mama yake hospitali. Jibu langu kwenu nyote ni moja: amua ukiwa bado ndani ya jengo. Ukivuka mlango wa kutokea huku hujui unakwenda mtaa gani, unapanda nini na kwa shilingi ngapi, wapo watu pale nje watakaokuamulia.

Kwanza ondoa hofu ya umbali. Uwanja wa Julius Nyerere uko Kipawa, na Kipawa ni Ilala, kama ilivyo Kariakoo, Upanga na Posta. Hadi katikati ya jiji ni kilomita kama 12, karibu zote kwenye barabara moja tu, Barabara ya Nyerere. Njia ni hii, ishike kichwani: Jet, Vingunguti, TAZARA, Veta, Kamata. Pale TAZARA utapita juu ya Daraja la Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018, na Barabara ya Mandela utaiona chini yako. Ukifika Kamata umeshaingia mjini: kushoto ni Mtaa wa Msimbazi na Kariakoo, ukiendelea mbele ni Mnazi Mmoja na Posta. Abiria anayevitambua vituo hivi hazungushwi, na dereva huligundua hilo mapema.

Sasa turudi ndani ya jengo. Kabla hujausogelea mlango, hakikisha una vitu vitatu.

Cha kwanza ni jina kamili la unakokwenda. Usiseme "Kariakoo" ukanyamaza. Kariakoo ni mitaa: Sikukuu, Likoma, Mkunguni, Narung'ombe, Aggrey, Kongo. Andika mtaa, jina la gesti na namba ya simu ya mapokezi, na uwapigie kabla hujatoka. Kwa mgonjwa jambo hili ni zito zaidi. Muhimbili ya Upanga, yenye taasisi ya mifupa ya MOI na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, ipo Ilala, karibu na mjini. Muhimbili Mloganzila ipo mbali, upande wa Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha. Soma barua ya rufaa mara mbili. Usimzungushe mama mgonjwa jiji zima kwa sababu ya neno moja lililosahaulika.

Cha pili ni shilingi mkononi. Wewe unayetoka nje ya nchi, badilisha kiasi cha kukufikisha mjini palepale uwanjani, na uombe noti ndogondogo. Ukitajiwa nauli kwa dola, kataa kwa upole: kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutoza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Sema tu, "Naomba bei ya shilingi, kaka." Fedha nyingine iache ndani kabisa. Pochi unayoifungua mbele ya watu iwe na nauli tu.

Cha tatu ni simu inayofanya kazi. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, kwa hiyo wewe uliyekaa Ughaibuni usiitegemee ya zamani. Sajili laini kwa alama za vidole ukiwa na kitambulisho cha NIDA, au pasipoti kama wewe ni mgeni. Weka bando, chaji simu, halafu mpigie ndugu yako umwambie umefika.

Ukiwa na hivyo vitatu, chagua usafiri.

Teksi za uwanjani ndizo ghali kuliko njia nyingine, lakini zinafaa kwa mwenye mgonjwa, mwenye watoto au mwenye masanduku. Dereva akiwa mtu mzima, anza na shikamoo, heshima haikupunguzii chochote. Halafu taja mtaa na uulize bei ya mwisho, mzigo ukiwa bado mkononi mwako. Mkishaelewana, irudie bei hiyo kwa sauti: "Mpaka Likoma, mizigo yote ndani ya bei hiyo, sawa?" Gari la biashara lina namba nyeupe, la binafsi lina namba ya njano. Anayekunong'oneza pembeni na kukuongoza kwenye gari lenye namba ya njano huko nyuma ya maegesho ni teksi bubu. Mshukuru, urudi penye watu.

Magari ya programu za simu, kama Bolt, kwa kawaida ni nafuu kuliko teksi, na nauli unaiona kabla hujapanda. Taja jengo uliloshukia, maana uwanja una majengo matatu: ndege nyingi za nje hutumia Jengo la Tatu, lililoanza kazi mwaka 2019, na nyingi za ndani Jengo la Pili. Gari likifika, linganisha namba, sura na jina kabla ya kufungua mlango. Dereva akikuomba ufute safari mlipane pembeni, kataa. Ukiifuta, programu haifuatilii tena safari hiyo.

Daladala ndiyo njia ya mwenye begi moja, mchana. Nauli yake ni mamia ya shilingi. Tembea mpaka kituoni Barabara ya Nyerere, usimame upande wa magari yanayoelekea mjini. Soma maandishi mbele ya gari, maana yanayotoka Gongo la Mboto hayaendi njia moja: mengine yanakwenda Posta au Kariakoo, mengine yanakata kona TAZARA kushika Mandela. Muulize konda kabla ya kupanda. Asubuhi yanafika hapo yameshajaa, na ukiwa na sanduku kubwa hutapata nafasi. Mradi wa mwendokasi awamu ya tatu nao unafuata barabara hii, kwa hiyo muulize mwenyeji wako kama mabasi yake yanapita saa utakazofika.

Ukipokelewa na ndugu, mwambie saa kwa Kiswahili. Tiketi ikiandika 20:40, ni saa mbili na dakika arobaini usiku. Wapo walioachwa wakisubiri kwa sababu mtu alisoma 02:40 akaelewa saa mbili.

Usiku, wadogo zangu, naomba mnisikilize vizuri. Baadhi ya ndege za nje hutua usiku wa manane. Saa hizo usipande bodaboda na mizigo, hata kwa bei ya kutupa. Chukua teksi yenye usajili au gari la programu, keti nyuma, funga milango, tuma namba ya gari kwa ndugu, na simu iwe mbali na dirisha mnaposimama kwenye taa. Kama unakokwenda hawajapokea simu, kaa ndani ya uwanja penye watu na taa mpaka kupambazuke. Kusubiri huko si woga wala ushamba.

Mwisho, hatua za kuingia Kariakoo yenyewe. Mchana mitaa ya ndani imejaa mikokoteni, maguta na wamachinga, gari linaweza kukwama wakati gesti unaiona. Patana na dereva akushushe mahali panapojulikana, kama Polisi Msimbazi au Gerezani, kisha umwombe mtu wa gesti aje akupokee. Ukikodi toroli, patana bei kwanza na utembee ubavuni mwake. Usitangulie, mzigo ukabaki nyuma yako.

Mtaji unaouleta Kariakoo umeuchanga kwa jasho, na mshahara wa Muscat umeulipia kwa kukaa mbali na wanao. Haifai upungue ndani ya kilomita 12 za mwisho. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, andika kwenye karatasi mtaa, simu ya mwenyeji na usafiri utakaopanda. Umpe nakala ndugu anayebaki nyumbani, na ukifika, mpigie yeye kwanza. Karibuni Ilala, wadogo zangu.