Jiko Bovu la Gesi na Uchunguzi wa Dhamiri



Nyuma ya nyumba ya mapadre, parokiani ninakofanyia uchungaji mwaka huu, kulikuwa na jiko la gesi la kuchomea nyama, lile lenye mfuniko, lililoachwa na mmisionari mmoja alipohamishwa. Kuku walikuwa wanatagia ndani yake. Paroko alitaka liende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Vijana wakaomba walitengeneze, ili sikukuu ya somo wa parokia tuchome nyama na kupata hela ya hija. Nikawaunga mkono haraka sana (na mimi napenda nyama choma, jamani).

Tulianza na nje. Msasa, brashi ya waya, rangi nyeusi ya kuvumilia joto. Kufika saa kumi jioni lilikuwa linang'aa, tukapiga picha. Nikaleta mtungi, nikafunga regulata, nikashika kiberiti. Kijana mmoja, fundi friji, akanishika mkono.

"Frateri, subiri kwanza. Umepima?"

Sikuwa nimepima chochote. Akakoroga sabuni ya unga na maji kwenye kopo, akafungua valvu ya mtungi huku vifungulio vya jiko vikiwa vimefungwa, kisha akapaka lile povu kwenye mpira wote na kila kiungio. Baada ya sekunde chache, pale mpira unapoingia kwenye jiko, mapovu yakaanza kuvimba. Jua la miaka lilikuwa limeukausha mpira ukapasuka nyufa ndogo ambazo kwa macho huzioni. Na gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikapotea, inashuka na kujikusanya chini. Yaani ningewasha kiberiti changu juu ya gesi hiyo, vijana kumi na mbili wamenizunguka. Usiku ule sikulala vizuri.

Sasa angalia: povu halikutoboa mpira. Lilionyesha tu tundu lililokuwepo. Wengi wetu tunaogopa uchunguzi wa dhamiri kana kwamba wenyewe ndio unaoleta dhambi. Tena fundi hakupaka pale alipohisi tu, alipaka kote. Sisi tunakuja kitubioni na "nimekuwa mvivu kusali", tunapaka sabuni mahali tunapojua pako salama, wakati gesi inavuja kwenye mkeka wa kila wikendi, kwenye simu ya saa sita usiku, kwenye deni la rafiki ambalo tumeamua kulisahau. Anza na maungio: pale maisha yako yanapoungana na ya mtu mwingine.

Tuliponunua mpira mpya, tukapima tena, tukawasha mfuniko ukiwa wazi. Moto ukatoka wa njano, wenye masizi, na upande mmoja haukuwaka kabisa. Gesi ilikuwepo. Shida ilikuwa nyigu, waliojenga kiota cha udongo ndani ya bomba ambamo gesi huchanganyika na hewa. Gesi isipopata hewa ya kutosha haiungui sawasawa. Tukachomoa bomba, tukasukuma waya, tukazibua vitundu kimoja kimoja kwa pini mpaka vidole vikauma. Ndipo ukaja moto wa bluu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha mwanzoni kabisa mwa Summa kwamba neema haiji kufuta umbile letu, inalifikisha kwenye ukamilifu wake. Hatukuleta jiko jingine. Na Paulo anapomwandikia Timotheo (2 Tim 1:6), hamwambii atafute karama mpya, anamtaka aichochee ile aliyokwisha kupokea. Ubatizo wako na Kipaimara chako viliacha alama isiyofutika. Swali ni kilichoziba njia. (Mfano una mpaka wake: jiko halina hiari, halikuwaita nyigu. Sisi mara nyingine tunawaita.)

Yule fundi, ambaye amenikubalia niandike haya, aliniambia tukiwa tunanawa mikono kwamba hajaungama tangu alipopata Kipaimara. Mimi bado si padre, siwezi kumwondolea dhambi. Anaona aibu kurudi kwenye kitubio kilekile alichokikimbia. Nikamwambia habari za Petro. Katika Injili ya Yohane, Petro anamkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu. Baada ya ufufuko, Yesu anamngoja ufukweni akiwa na samaki juu ya moto wa makaa. Kwa Kigiriki neno ni lilelile, na katika Agano Jipya lote linapatikana mara hizo mbili tu. Alimkana mara tatu, anaulizwa mara tatu.

Bado hajaenda. Tumekubaliana Jumamosi saa kumi, kabla ya Misa ya vijana, na mimi nitakuwa kwenye foleni hiyohiyo.

Kwa wiki hii soma Yohane 18:15-18 na 25-27, halafu 21:9-17, kwa mkao mmoja.