Mguu Uliovimba Ghafla: Madhara ya Damu Kuganda Katika Veni

Kisiwani Pemba matende ni maradhi yanayofahamika, na ugawaji wa dawa za kuyakinga kwa umma ulianza Zanzibar mwaka 2001. Kwa hiyo mguu uliovimba unaweza kudhaniwa kuwa ni matende. Hata hivyo, uvimbe wa matende kwa kawaida hujijenga kwa miezi na miaka. Mguu mmoja ukivimba kwa saa au siku chache, ukauma kwenye kigimbi na kupata joto, huenda bonge la damu limeziba veni ya ndani.

Walio hatarini

Ni waliolazwa muda mrefu, waliofanyiwa upasuaji au kuvunjika mfupa, wenye saratani, wajawazito na wazazi. Kwa mzazi hatari huwa kubwa zaidi katika wiki 6 baada ya kujifungua, yaani takriban muda wote wa arobaini. Mapumziko ni haki yake, lakini asilale kitandani kutwa. Atembeetembee ndani na kunywa maji ya kutosha.

Madhara

La kwanza na la hatari zaidi ni bonge kukatika, kupita moyoni na kuziba mshipa wa pafu. Mgonjwa hupungukiwa pumzi ghafla, kifua humchoma anapovuta hewa, moyo humwenda mbio, na pengine hukohoa damu au kuzimia. Anaweza kufariki kwa muda mfupi.

La pili huja polepole. Vali za veni zikiharibika, damu hutuama mguuni. Mguu huwa mzito, ngozi huwa nyeusi na ngumu, na kidonda sugu huweza kutokea juu ya kifundo.

La tatu ni bonge kurudi. La nne, ambalo ni nadra, ni shinikizo la damu kupanda katika mishipa ya mapafu na kuuchosha moyo.

La kufanya

Mguu wa namna hii usichuliwe wala kukandwa, kwani bonge linaweza kung'oka. Mgonjwa afikishwe haraka hospitali iliyo karibu, iwe Micheweni, Wete, Chake Chake au Abdulla Mzee, Mkoani. Anayepungukiwa pumzi apewe oksijeni na kuhudumiwa hapo kwanza, kabla ya kufikiriwa safari ya Unguja.

Dawa za kuzuia damu kuganda hutumika kwa muda usiopungua miezi 3. Uvimbe ukipungua, mgonjwa asiziache. Akitokwa na damu puani, kwenye fizi au akipata choo cheusi, arudi hospitali mara moja. Na kila dawa nyingine, hata ya miti shamba, amweleze daktari.