KUSOMA TU AU KUSOMA UKIFANYA KAZI?

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Je, ni kweli kwa mtu anayefanya kazi huku akisoma? Nimechunguza watu wawili wa nyumbani kwetu.

Wa kwanza ni shangazi, mwalimu wa shule ya msingi huko Nyamira. Akiwa na cheti cha P1, alijiunga na masomo ya likizo katika Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha walimu na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kila Aprili, Agosti na Desemba, wenzake wakipumzika, yeye alipanda matatu kwenda darasani. Mshahara haukukatika, ila karo ilitoka kwa mkopo wa chama cha ushirika. Alihitimu mwaka 2019.

Wa pili ni kaka yangu. Yeye alisoma tu, miaka minne kwa mkopo wa HELB, akahitimu mwaka huo huo. Kisha akapiga lami! Alifundisha kwa malipo madogo ya bodi ya shule hadi TSC ilipomwajiri mwaka 2023.

Sasa tazama malipo. Kaka aliingia moja kwa moja daraja la C2, la mwalimu wa sekondari mwenye shahada. Shangazi, aliyeanza kazi miaka mingi kabla yake, yuko C1, na shahada anayo! Kwa nini? Zamani mwalimu aliyepata shahada aliweza kuomba cheo kwa cheti hicho. Miongozo ya TSC ya mwaka 2018 ikageuza mambo: cheti pekee hakitoshi, lazima nafasi itangazwe, uombe, uhojiwe. Shangazi alianza masomo kwa kanuni moja, akamaliza kwa nyingine.

Je, alipata hasara? La. Kaka alipokuwa bado anahangaika, shangazi ndiye aliyenilipia karo ya kidato cha kwanza.

Ndugu wanachama, kabla ya kulipa karo yoyote, uliza: kazi hii inalipa cheti, cheo au ujuzi? Fundi wa jua kali mjini Kisii anaweza kufanya mtihani wa NITA, kutoka gredi ya tatu hadi ya kwanza, bila kuacha kazi. Daktari hawezi.

Mimi niko kidato cha nne. Baba ameniuliza nitafuata njia ipi. Nimemjibu: kwanza nitauliza kanuni.